Jogoo Wetu na Haki ya Jirani



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twapenda kuzungumza na ndugu zetu, hasa kina mama ambao ndio walinzi wa ujirani, juu ya jambo litakaloonekana dogo: jogoo. Tutaanza kwa kujishitaki wenyewe, kwani mwenye kuwausia watu kila Ijumaa hana budi siku moja kujiusia nafsi yake.

Miezi michache iliyopita mjukuu wetu alitunukiwa jogoo mdogo wa aina ya bantamu, wale kuku wafupi ambao jina lao latokana na bandari ya Banten, katika kisiwa cha Java. Hakuwa kama kuchi, yule jogoo mrefu tumjuaye pwani. Huyu wetu mtoto alimpakata kwa mkono mmoja. Tukadhani, kwa udogo wa mwili wake, sauti nayo itakuwa ndogo. Tulikosea. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, ikipenya dirishani kama sindano ipenyavyo kitambaa.

Wasomaji wetu waijua Shella yetu ya Malindi. Katika mitaa ya zamani nyumba zimeshikana, na kiambaza kimoja hutenga familia mbili. Akohoaye huku huombewa afya kule. Ua wetu umepakana na dirisha la jirani yetu, bibi mjane aishiye na mwanawe wa pekee. Kijana huyo ni mvuvi wa usiku. Hutoka baada ya sala ya Isha na kurejea jua likichomoza, kisha hulala hadi karibu na Adhuhuri.

Jogoo alipoanza kuwika mnamo saa tisa za usiku, sisi tulifurahi. Wazee wetu walikuwa wakiupima usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili, kabla ya saa za ukutani kuenea majumbani. Tukakumbuka pia hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, kwamba tusikiapo jogoo akiwika tumuombe Mwenyezi Mungu fadhila zake, kwa kuwa ameona malaika. Naye Abu Daud amepokea katazo la kumtukana jogoo, kwa sababu yeye huwaamsha watu kwa sala. Basi ahali yetu alipotudokeza kwamba huenda majirani wanaudhika, tulimjibu kwa hadithi hizo mbili, tukaongeza: "Kwani wakati huo si wa kuamka?" Akanyamaza. Nasi tukaona tumeshinda hoja.

Habari ilitufikia kwa njia ya bakuli. Kwa desturi yetu Waswahili, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa mchuzi, utarudisha chombo na maandazi, au embe mbili, au hata kipande cha nazi. Kwa miaka mingi mabakuli yamekuwa yakipita baina ya nyumba zetu mbili namna hiyo. Siku moja bakuli letu lilirudi safi, limepanguswa, na halina kitu. Tukadhani labda siku hiyo mkono ulikuwa mtupu. Juma lililofuata likarudi tupu tena.

Ahali yetu alivaa buibui lake akaenda kuuliza. Alikaa huko muda mrefu, akarudi macho mekundu. Bibi yule alikuwa amemwambia: "Mwanangu, nitamwambia nini Maalim, na yeye ndiye atufundishaye? Nikimlalamikia jogoo wake, watu watasema nachukia kuamshwa kwa sala."

Lakini tatizo halikuwa sala, wala halikuwa alfajiri. Saa tisa za usiku kijana yuko baharini. Jogoo wetu aliwika saa moja ya asubuhi, akawika saa tatu, akawika saa tano, chini ya dirisha la mtu aliyetoka kukesha kazini. Kijana alikuwa halali. Na usiku mmoja, akiwa ameshika usukani wenzake wakipumzika, usingizi ulimchukua. Chombo kikaelekea mwambani. Mwenzake mmoja alizindukana kwa kishindo cha mawimbi yakivunjika, wakaokoka kwa rehema za Mola.

Twakiri kwamba tuliposikia hayo tulishikwa na hofu ambayo hatujaisahau. Ilikuwa karibu mjane afiwe na mwanawe wa pekee, na sisi tukaongoze maziko yake, tukawahubirie watu subira, huku jogoo akiwika uani kwetu.

Ziko elimu mbili juu ya jogoo ambazo twaona zina mazingatio. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walibainisha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Hata akiwekwa mahali pasipobadilika mwanga, wakati wake ukifika huwika. Kwa hiyo hafanyi kwa ukaidi. Ndivyo alivyoumbwa. Na watafiti wa Ubelgiji waliochunguza sikio la jogoo wameona kwamba afunguapo mdomo kikamilifu ili awike, tundu la sikio lake hujifunga. Sauti yake hupita desibeli 100, na Muumba amemkinga nayo. Subhanallah! Jogoo haudhiki kwa kelele zake mwenyewe. Ajabu ni kwamba na mwenye jogoo huwa vivyo hivyo: tulikuwa tukisoma hadithi kwa sauti kubwa, na masikio yetu yamefungwa.

Kwani hadithi za jogoo ni sahihi, lakini si hizo peke yake zilizopokewa. Bukhari na Muslim wamepokea pia kwamba Jibril (A.S.) alimuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mara kwa mara, hata akadhani jirani atafanywa mrithi. Imepokewa vilevile habari ya mwanamke aliyetajwa mbele ya Mtume kwa wingi wa sala, saumu na sadaka zake, ila aliwaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume akasema kuwa huyo ni wa motoni. Kumwamsha mtu kwa ibada ni jambo jema. Kumnyima usingizi atafutaye riziki ya halali si ibada. Na tumtukuzapo jogoo kwa sababu ya malaika amwonaye, tusimsahau jirani ambaye malaika wanaandika tumtendeayo.

Jioni ile tulibisha hodi kwa jirani, tukaomba radhi mbele ya mama na mwanawe. Tulisema tutamchinja jogoo. Bibi akakataa, akasema mtoto atalia. Tukajaribu kumfungia sandukuni gizani, dari ikiwa ya chini asiweze kunyoosha shingo. Hilo hupunguza sauti usiku, lakini si haki kumfungia kiumbe mchana kutwa. Mwisho tulimpeleka kwa jamaa zetu shambani, Ganda. Mjukuu wetu aliuliza, "Jogoo amekosa nini?" Tulimjibu kwamba jogoo hana kosa, kosa ni la babu. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Letu liliwika mjini, na sasa limerudi kuwika shamba.

Nasaha zetu ni chache. Mwenye kutaka mayai afuge majike tu, kwani kuku hutaga bila jogoo. Jogoo huhitajika kwa vifaranga. Mwenye kutaka jogoo awaulize kwanza majirani, na asiulize usiku peke yake: aulize nani halala mchana, nani ni mgonjwa, nani ana mtoto mchanga. Na mwenye kuudhika asirushe mawe, asitie sumu, wala asimlaani mnyama. Aseme kwa upole, mapema, kabla bakuli halijarudi tupu.

Na ninyi wenye kuheshimiwa, wazee, walimu na maimamu, msingoje kulalamikiwa. Kimya cha jirani huenda ni heshima tu, si ridhaa. Sisi ndio wa kwenda kuuliza.

Juzi tulipeleka samli kidogo kwa jirani. Bakuli lilirudi na vipande viwili vya nguru, na kijana mwenyewe ndiye aliyeleta. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani ambao watu husalimika na shari zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.