Elimu ya Muhogo Itangulie Njaa

Miguu ya mwanadamu haiendi mpaka iamriwe na ubongo. Amri hiyo hupokezanwa na seli za neva hata ikafika misulini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wananchi wa Tarime walikula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo. Baadhi yao wakapooza miguu ghafla. Maradhi hayo, yaitwayo konzo, yamekwisha kuonekana hata mkoani kwetu Mtwara. Nchini Kongo wataalamu waliamsha ubongo wa wagonjwa kwa nguvu ya sumaku juu ya kichwa, wakapima ujumbe unaofika misulini. Wakathibitisha kuwa njia ya amri imeharibika. Nayo haitengenezeki tena.

Basi kinga ndiyo dawa. Kutoka Msimbati hadi mlangoni mwa Ruvuma, unga wa makopa uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba juani kwa saa 2, au kivulini kwa saa 5, sumu ipeperuke. Kisha upikwe siku ile ile, na kitoweo kiwe samaki au kunde. Tunawataka mabwana shamba na mabwana afya wafike vijijini na visiwani sasa, wasingoje ukame. Njaa haina subira.