Kabla Hujainua Escudo Yako

Leo naweka siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumze jambo ninaloliona kila siku hapa Kashai. Vijana wenzangu, hasa sisi tulioanza kazi juzi juzi tukajibana mpaka tukapata Suzuki Escudo ya mtumba, tumeshikwa na homa ya kuinua magari. Mtu hajamaliza hata mkopo, tayari gari liko gereji linafungwa spesa. Ukimuuliza sababu anakujibu, "Kaka, barabara zetu si unazijua?"

Nazijua, na hoja yake ina ukweli. Bukoba inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa nne ndiyo balaa lenyewe. Sisi wa Kashai ndiyo kabisa, si bure tuna mtaa unaitwa Matopeni. Ukiacha lami ukaingia njia za vijijini Muleba wakati wa masika, utakutana na makorongo yanayoweza kulala mbuzi. Kwa hiyo sisemi kuinua gari ni dhambi. Ninachosema ni kwamba kwa hela ndogo tuliyonayo tunaanzia mwisho. Tunanunua kimo kabla hatujanunua usalama, na mara nyingi hata hicho kimo chenyewe hatukipati.

Hebu tuanze na hilo la mwisho, maana wengi hawaambiwi na fundi.

Lala chini ya Escudo ya zamani uangalie nyuma. Utaona ekseli moja nzima kutoka tairi hadi tairi, na katikati yake kuna bonge la chuma, ndiyo difu. Springi zinakaa juu ya ekseli hiyo. Sasa ukiweka spesa juu ya springi, kinachopanda ni nini? Ni bodi. Difu imebaki pale pale ilipokuwa jana, na jiwe litakaloigonga ni lile lile. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Hakuna spesa duniani inayoweza kazi hiyo.

Na tairi nayo ina hesabu zake. Chukua 195/80R15, saizi unayoikuta kwenye Escudo nyingi za zamani. Kimo chake ni kama milimita 693. Ukifunga 235/75R15, ambayo vijana wanaipenda kwa sababu inajaza matao, kimo kinakuwa kama milimita 733. Tofauti ni milimita 40, lakini difu inapanda nusu yake tu, yaani sentimita 2. Halafu spidomita inaanza kukudanganya: ukisoma 80, ukweli unakimbia karibu 85. Breki ni zile zile, injini ni ile ile, ila sasa inazungusha mzigo mzito zaidi. Usishangae mafuta yakipanda.

Turudi kwenye spesa. Kwa nini ni rahisi? Kwa sababu hazibadilishi kitu kingine. Shokapu inabaki na urefu wake wa zamani wakati gari limepanda. Tairi ikishuka kwenye shimo, shokapu inafika mwisho wake mapema na kugonga. Ule mlio wa "ko! ko!" unaousikia mtaani ukadhani ni ukali wa gari ni chuma kinaomba msamaha. Mbele hali ni mbaya zaidi, kwa sababu zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi zinapinda kuliko zilivyokusudiwa. Mipira ya sivii jointi inachanika, mchanga unaingia, na baada ya miezi michache unaanza kusikia "ka-ka-ka" ukikata kona. Paipu za breki nazo zinavutika. Tairi zinakaa upande na kulika ndani au nje. Ile hela uliyookoa kwenye spesa unairudisha kwa awamu, na riba juu.

Wengine wana mtindo wa kupachika raba katikati ya springi. Hii ndiyo siitaki hata kuisikia. Springi inafanya kazi kwa kujikunja yote. Ukiziba mizunguko miwili kwa raba, iliyobaki inabeba mzigo wote. Siku moja inakatika, na haichagui siku wala mahali.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike.

Gari hili unaloliinua kwa ajili ya njia za porini, linafika porini mara ngapi? Tuwe wakweli. Jumatatu hadi Ijumaa liko lami, nyumbani, kazini, sokoni. Jumamosi linakwenda msibani Muleba na watu watano ndani, na mkungu wa ndizi juu ya keria wakati wa kurudi. Ukishuka kutoka Rwamishenye kuja mjini, mteremko na kona, hapo ndipo kimo kinapodai chake.

Kuna hesabu ndogo ambayo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imeitumia kwa miaka mingi kupima hatari ya gari kupinduka. Chukua nusu ya upana kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Magari madogo ya kawaida mengi yanapata kati ya 1.3 na 1.5. Magari marefu ya aina ya jipu mengi yanapata kati ya 1.0 na 1.3. Namba ikishuka, hatari inapanda. Tuseme gari lako lina upana wa sentimita 140 na kitovu cha uzito kiko sentimita 65 toka chini: unapata 1.08. Inua bodi mpaka kitovu kipande sentimita 4 tu, unabaki na 1.01. Bado hujapandisha ule mkungu juu ya keria.

Wakongwe watakumbuka kelele za Suzuki Samurai. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kuwa gari lile linapinduka kirahisi likikwepa kitu ghafla. Suzuki walikataa katakata, wakafungua kesi mwaka 1996, na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama mwaka 2004. Mimi si hakimu wa kesi ile. Ninachojiuliza ni hiki: kama gari lilivyotoka kiwandani, na wahandisi wake wote, lilizua ubishi wa miaka 16, hili letu lililoinuliwa chini ya mwembe kwa kukadiria kwa macho tutalisemaje? Na huku kwetu cha kukwepa ghafla hakikosekani. Kuna bodaboda, kuna mbuzi, kuna mtoto wa shule.

Basi mwenye hela kidogo afanye nini? Ushauri wangu ni huu, na ufuate kwa mpangilio.

Kwanza, rudisha gari lilivyokuwa. Escudo ya miaka 20 na zaidi springi zake zimechoka. Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa tao, pembe zote nne. Kushoto na kulia zikitofautiana, au nyuma ikiwa imekaa kama bata, una jibu. Springi mpya za kimo cha kiwandani zinaweza kukurudishia sentimita 2 au hata 3 bila kuharibu kitu. Kisha kandamiza pembe ya gari kwa nguvu na kuachia. Ikidunda mara mbili tatu, au ukiona shokapu imelowa mafuta, hiyo imekufa. Badilisha na bushi zilizopasuka, halafu fanya alaimenti. Na tafadhali, shokapu ya mtumba usinunue. Unanunua uchovu wa mtu mwingine.

Pili, tairi. Chukua za matumizi mchanganyiko, lami na vumbi, sio zile za matope matupu zinazonguruma kama trekta na kuteleza kwenye lami iliyolowa. Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. Ukikuta 2319, ujue ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzuri yenye saizi ya kiwandani, au iliyozidi kidogo tu, itakutoa kwenye matope mengi kuliko spesa yoyote.

Tatu, endesha hivyo masika nzima. Ikiwa bado tumbo linagonga, sasa inua. Lakini inua kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na shokapu zinazolingana nazo, na usizidi sentimita 4. Rudia alaimenti, kagua paipu za breki na mipira ya sivii jointi. Hela haitoshi kwa vyote viwili? Subiri. Nusu ya kazi hii ni mbaya kuliko kutoifanya kabisa.

Na kuna kitu kimoja kisichonunulika hata ukiwa na hela. Mto Kanoni ukifurika, usijidanganye kwamba umeinua gari. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuchukua gari dogo, na ya sentimita 60 yanachukua magari mengi, jipu likiwemo. Sentimita 5 zako hazitabishana nayo. Subiri yapungue.

Najua kuna watakaoniambia kuwa naua raha za watu. Waitu, tujuane. Sisi watu wa hapa tuna u-nshomile wetu, tunapenda kitu kionekane, na Desemba wenzetu wa Dar wakishuka na magari yao marefu nasi tunataka kusimama nao sambamba. Sina ugomvi na hilo. Lakini mama yako akipanda siti ya nyuma hajali gari limepanda sentimita ngapi. Anataka lisimame ukikanyaga breki, na likae chini ukikata kona.

Fundi akikuambia "hii tunainua kwa nusu saa tu, bosi," muulize shokapu zitakuwa za urefu gani. Akikosa jibu, chukua funguo zako uondoke.

Naomba kutoa hoja.