Tusimcheke Asemaye "Maji Masafi"

Mwanafunzi wa Njombe au Makambako aandikapo "maji masafi", baadhi ya walimu humcheka. Sisi twaona kosa hilo ni dalili ya akili ifanyayo kazi. Kibena, lugha ya nyumbani kwa watoto wengi wa huko, nacho kina ngeli; mtoto amekwisha kujua kuwa sifa hufuata jina: mti mrefu, miti mirefu, maji machafu. Asilolijua ni kwamba sifa zilizotoka Kiarabu, kama safi, ghali na rahisi, kwa kawaida hazipokei kiambishi. Basi mwalimu aandike ubaoni "maji machafu" na "maji safi", darasa lieleze tofauti, kisha litafute mifano mingine. Kalamu nyekundu peke yake haifundishi.