Wizi Si Unyang'anyi
Waandishi wenzangu, tuyapambanue maneno matatu ya Kiingereza: “theft”, “robbery” na “burglary”. Anayechomoa simu mfukoni bila mwenyewe kuhisi ametenda kosa la kwanza. Anayeipora kwa kumpiga au kumtishia mwenyewe, la pili. Anayevunja nyumba usiku kwa nia ya kuiba, la tatu, hata akitoka mikono mitupu. Sheria ya Adhabu ya Kenya imeyatenganisha: wizi wa kawaida ni kifungo cha hadi miaka 3, kuvunja nyumba usiku 10, unyang'anyi 14, na ukiwa wa silaha, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kumwita mshukiwa wa wizi mnyang'anyi ni kumtwika kosa ambalo hakusomewa mahakamani. Tusome hati ya mashtaka kabla ya kuandika. Jina likishachafuliwa, masahihisho ya kesho hayalitakasi.