Kikombe Kando ya Vidonge

Kwenye dirisha la chumba cha shangazi yangu, hapa Nyalikungu, mkoani Simiyu, palikuwa na makopo mawili. Moja lilikuwa jeupe, la vidonge vya njano vya salfasalazini, na mfamasia alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: 2 x 3. La pili lilipendeza zaidi. Lilikuwa na kifuniko cha rangi ya dhahabu, picha ya tumbo linalong'aa, na maandishi yaliyoahidi mabilioni ya bakteria rafiki kwa kila kidonge. Kopo jeupe lilikuwa limeshika vumbi, vidonge vimefika nusu. La dhahabu lilikuwa linaelekea kwisha.

"Shangazi, hizi za njano vipi?"

"Ng'wanawane, yule dada aliyeniuzia hizi nyingine amenambia nipumzishe figo. Si unaona mkojo ulivyokuwa umebadilika? Zile ni kemikali. Hizi ni za asili."

Mkojo ulikuwa umebadilika kweli. Salfasalazini huugeuza rangi ya chungwa, na haidhuru figo kwa kuugeuza hivyo, ila hakuna aliyemwambia siku alipokabidhiwa kopo. Muuzaji alilikuta pengo hilo wazi akapita. Wiki tatu baadaye damu ilirudi chooni.

Nimeanza na dirisha hilo kwa sababu makala hii inazungumzia jambo ambalo makopo yale mawili yalipaswa kulifanya na hayakulifanya, yaani kukaa pamoja. Swali lililowekwa mezani ni kama probayotiki, yaani vijidudu hai vinavyoliwa kwa makusudi ya kumfaa mlaji, vikiongezwa juu ya dawa za kawaida, vinamsaidia mgonjwa mwenye uvimbe sugu wa utumbo. Jibu langu ni kwamba kwa aina moja ya ugonjwa huu vinaweza kusaidia kiasi, kwa aina ya pili hakuna ushahidi wa kutosha, na kwa mgonjwa yeyote aliyeacha dawa ili anywe hivyo ni hasara tupu.

Maradhi yenyewe ni mawili, yanafanana kama watoto wa baba mmoja. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana peke yake. Huanzia chini, kwenye njia ya haja kubwa, ikapanda, na ukuta wa ndani huchubuka ukatoa damu na ute. Ugonjwa wa Crohn, ambao daktari Burrill Crohn na wenzake wa New York waliuandika mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni, na huchimba ndani zaidi. Hakuna mdudu mmoja wa kuuawa kwa dozi ya siku saba. Kinga ya mwili imekosana na bakteria waliokuwa wakiishi utumboni kwa amani, na katika ugomvi huo inaunguza nyumba yake yenyewe. Ndiyo maana maradhi haya hutulia, yakarudi, yakatulia tena.

Huku kwetu mtu akisema anaharisha damu, wa kwanza kushukiwa ni amiba, kisha shigela, kisha kichocho, na si kosa. Kanda ya Ziwa ni nchi ya kichocho. Shangazi alikunywa Flagyl mara nne ndani ya mwaka mmoja, akapewa dawa za minyoo, akapewa prazikwanteli ya kichocho. Mpaka siku alipopanda basi linalopita Bariadi, Lamadi na Magu, akafika Mwanza, akapimwa kwa kamera ile inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kikanyofolewa kinyama kidogo cha kupeleka maabara, ndipo ugonjwa ukapata jina. Simlaumu aliyeanza na amiba. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kiasi cha kumpa shida hata bingwa, na mgonjwa wa kifua kikuu au wa amiba akipewa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kwa kudhaniwa ana kolaitisi anaweza kufa. Lakini mtu aliyemaliza dozi ya tatu ya dawa ileile kwa dalili zilezile ameshatoa jibu: siye amiba. Kumwandikia ya nne ni uvivu.

Sasa kuhusu hizo "kemikali". Salfasalazini ilibuniwa Sweden, na daktari Nanna Svartz ndiye aliyeitumia mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa na nia ya kutibu baridi yabisi. Wagonjwa wake waliokuwa pia na kolaitisi wakaona tumbo linapoa. Kwa nini linapoa, hilo lilikuja kueleweka mwaka 1977, pale Azad Khan, daktari aliyetoka Bangladesh, na wenzake wa Oxford walipochapisha jaribio lao. Kidonge kile ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kinashuka tumboni na kupita utumbo mwembamba, na sehemu kubwa hufika chini ikiwa bado imefungwa. Kikifika utumbo mpana, bakteria waliomo humo ndio wanaokikata fundo. Nusu moja, mesalazini, inabaki palepale kutuliza ukuta uliochubuka. Nusu nyingine huingia kwenye damu, na ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya kichefuchefu na kuumwa kichwa.

Kwa hiyo dawa aliyoiacha shangazi kwa kuwa si ya asili haifanyi kazi bila bakteria. Hospitali na bakteria walikwisha kuungana ndani ya kidonge kile zamani, kabla neno probayotiki halijafika kwenye maduka yetu. Anayetuambia tuchague upande mmoja hajui anachokiuza.

Majaribio yanasemaje? Nchini Ujerumani wapo wanaotumia bakteria wa aina ya E. coli aliyetengwa na daktari Alfred Nissle mwaka 1917, kutoka kwa askari ambaye hakuharisha wakati wenzake wanaharisha. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 327 wa kolaitisi iliyokuwa imetulia: wengine walipewa bakteria huyo, wengine mesalazini, kwa mwaka mzima. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 36 upande wa bakteria na asilimia 34 upande wa mesalazini. Huo ni ulingano, si mchanganyiko. Mchanganyiko ulipimwa vizuri zaidi Italia. Mwaka 2010 ikatoka habari ya wagonjwa 144 waliokuwa na kolaitisi nyepesi au ya wastani licha ya kutumia dawa. Hakuna aliyeambiwa aache dawa zake. Nusu waliongezewa mseto wa aina 8 za bakteria, nusu wakapewa unga usio na kitu. Kati ya waliomaliza wiki 8, dalili zilipungua kwa nusu au zaidi kwa wagonjwa 63 katika kila 100 waliopata bakteria, na 41 katika kila 100 wa upande wa pili. Nafuu ipo. Lakini walipohesabiwa waliotulia kabisa, tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu.

Kwa Crohn habari ni fupi. Ufaransa walijaribu hamira iitwayo Saccharomyces boulardii kwa wagonjwa 165, matokeo yakatoka 2013, wala haikuzuia ugonjwa kurudi. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipima ushahidi wote, kikashauri kwamba kwa Crohn na kolaitisi probayotiki zitumike ndani ya utafiti tu. Mimi naona kwa kolaitisi wamebana kidogo kupita kiasi, ila kwa Crohn sina la kuwapinga.

Msomaji wa Simiyu atauliza haya ya Ujerumani na Italia yanatuhusu nini. Yanatuhusu, kwa sababu sura yenye somo kubwa kuliko zote iliandikwa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, mtaa wa Mabatini, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kituo cha Mwanza na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Mtindi ule uliitwa Fiti. Walengwa walikuwa watu wanaoishi na VVU. Bakteria huyohuyo, kule Kanada, aliwahi kulishwa kwa mwezi mmoja, ndani ya mtindi, kwa wagonjwa 20 wa Crohn na kolaitisi. Matokeo ya 2007 yalionyesha chembe za damu zinazotuliza kinga zimeongezeka. Kilichopimwa ni damu, si idadi ya safari za chooni. Hata hivyo ukoo wa mtindi wa Mabatini na ugonjwa wa shangazi si wa mbali.

Mwanza ilifanya jambo ambalo wauza makopo hawalifanyi. Taarifa ya 2010, iliyotazama kumbukumbu za wagonjwa, ilionyesha kwamba waliokunywa Fiti kinga yao, ile CD4, ilipanda kuliko wasiokunywa. Mtu angeweza kuishia hapo, akachapisha mabango. Watafiti hawakuishia hapo, walipima pia kwa kura: wanawake 65, wiki 25, wengine wakipewa vidonge vya bakteria, wengine vidonge vitupu, bila kujua nani kapata nini. CD4 haikupanda. Wakachapisha hivyo hivyo, 2011.

Nimesikia watu wakisema mradi ule ulishindwa. Hapana. Akina mama walipata kipato, wanywaji walipata lishe, na sisi tukapata jibu la kweli kuhusu bakteria wale na kazi moja. Kumbukumbu za waliojichagulia kunywa mtindi hudanganya kirahisi, maana anayeamka kila siku kufuata kikombe chake mara nyingi ndiye pia asiyeruka dawa zake.

Nije kwenye kibuyu, maana najua kuna anayesoma hapa akiwa na sahani ya michembe na maziwa mgando pembeni. Mtindi wetu wa nyumbani una bakteria hai, tena wengi, ila bakteria hai si lazima awe probayotiki. Jina hilo hupewa yule anayejulikana aina yake na kiasi chake, na ambaye faida yake imepimwa kwa watu. Kibuyu cha leo na cha Jumanne ijayo havina wakazi wale wale. Kama chakula sina neno nacho: kina protini, na wengi ambao maziwa mabichi huwajaza gesi huyastahimili yakishaganda.

Ninacho cha kusema juu ya maziwa yanayogandishwa bila kuchemshwa. Ugonjwa wa kutupa mimba ulio kwenye mifugo humfikia mtu kwa maziwa ya namna hiyo, na kifua kikuu cha ng'ombe vilevile. Uchachu wa mtindi si kinga ya kutegemea. Mgonjwa anayetumia prednisoloni au azathioprini ameshushwa kinga kwa makusudi. Kwake kibuyu cha maziwa mabichi ni hatari iliyopambwa kwa jina la asili. Achemshe, apoze hadi vuguvugu, atie kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa pia. Akitia kijiko cha kibuyu cha jirani asichokijua, kuchemsha kwake kumekuwa kazi bure.

Na bakteria rafiki nao wana siku zao mbaya. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa mahututi wa kongosho walipewa probayotiki kwa mrija. Walikufa asilimia 16, wakati wasiopewa walikufa asilimia 6. Ule ulikuwa ugonjwa mwingine, lakini inatosha kumnyamazisha anayesema kitu cha asili hakidhuru. Mgonjwa wa kolaitisi aliyelazwa, ana homa, anaharisha damu mara kumi kwa siku, huyo si wa kununuliwa kopo la dukani.

Kopo lenyewe linasimamiwa na nani? Tangu 2019 chakula kiko chini ya Shirika la Viwango, dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kitu kinachouzwa kama chakula na kunadiwa kama dawa hukaa mlangoni katikati ya nyumba hizo mbili, na muuzaji anapenda sana pakae hivyo. Bado hatujazungumzia jua. Bakteria wa aina nyingi hutaka ubaridi. Kopo lililokaa miezi kwenye begi la mchuuzi kati ya Shinyanga na Maswa linaweza kuwa limebeba maiti, mabilioni ya maiti.

Shangazi amerudi kwenye vidonge vya njano, pamoja na foliki asidi aliyoongezewa, kwa sababu salfasalazini hupunguza foleti mwilini. Jioni anakunywa kikombe cha mtindi wa maziwa yaliyochemshwa. Kopo la dhahabu sasa linawekwa sindano na vifungo. Daktari wake anajua habari za kikombe, na hilo kwangu ni kubwa kuliko kikombe chenyewe.

Ninalo ombi kwa waganga wakuu wa wilaya za Simiyu na majirani zetu. Wekeni daftari la wagonjwa wa kolaitisi na Crohn, mbali na lile la kuhara: umri, kijiji, kipimo kilichothibitisha ugonjwa, dawa, na anachokunywa kingine nyumbani. Utafiti kama ule wa Mwanza, wa wanawake 65 na wiki 25, huhitaji orodha ya kuanzia. Sisi tuanze na daftari la shilingi elfu mbili na kalamu.