Tuhuma za Dawa Katika Riadha: Maabara Yaweza Kuthibitisha Nini?

Tarehe 19 Agosti 2008, mjini Beijing, fainali ya Olimpiki ya mbio za mita 1,500 ilimalizika kwa tofauti ya sehemu 17 za mia za sekunde. Rashid Ramzi, mzaliwa wa Morocco aliyekuwa akiiwakilisha Bahrain, alitumia dakika 3 na sekunde 32.94. Asbel Kiprop wa Kenya, kijana wa miaka 19, alifika kwa dakika 3 na sekunde 33.11. Ramzi alivishwa dhahabu, na vipimo vya siku hizo havikuonyesha dosari yoyote. Mwaka uliofuata sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa katika ubaridi zilitolewa na kupimwa kwa njia mpya, na katika sampuli yake ikaonekana dawa iitwayo CERA. Mwezi Novemba 2009 alipokonywa medali. Kiprop akawa bingwa wa Olimpiki, Nicholas Willis wa New Zealand akapanda kutoka shaba hadi fedha, na Mfaransa Mehdi Baala, ambaye alikwisha kurudi kwao mikono mitupu, akapata shaba.

Mwezi Novemba 2017 maafisa wa vipimo walifika kwa Kiprop huyo huyo huko Iten, wakachukua mkojo wake, na maabara ikatangaza kwamba ulikuwa na EPO, ambayo ni dawa ya jamii moja na ile iliyomwangusha Ramzi. Mwezi Aprili 2019 alifungiwa miaka minne. Yeye mwenyewe alikana tangu mwanzo. Mtu aliyepewa dhahabu na maabara alishitakiwa na maabara, na wale walioishangilia kazi ya maabara mwaka 2009 wengi wao waliitilia shaka mwaka 2018.

Badiliko hilo la mioyo linaeleweka, lakini halina nafasi katika sayansi. Kipimo hakiwezi kuaminika pale tu kinapomwangusha mgeni. Wala hakiwezi kuaminika bila kuulizwa maswali, eti kwa sababu kimefanywa na watu waliovaa makoti meupe. Yafaa basi kuchunguza maabara hufanya nini hasa, na neno lake lina uzito gani mtu anapotuhumiwa.

Kwanza, jina lenyewe. Redio na magazeti yamezoea kusema “dawa za kusisimua misuli”, na siku hizi nchini Kenya limeenea pia neno “pufya”. Usemi wa misuli unafaa kwa baadhi ya dawa, lakini kwa EPO unapotosha, kwa kuwa dawa hiyo haigusi misuli hata kidogo. Kazi yake imo katika damu. Erithropoietini, ambayo kwa kifupi huandikwa EPO, ni homoni itengenezwayo na figo za kila mwanadamu. Figo zikihisi kwamba oksijeni imepungua, huongeza homoni hiyo. Nayo huuchochea uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Chembe hizo ndizo zibebazo oksijeni hadi kwenye misuli. Mtu aishiye Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hupata msaada huo bila kumwibia mtu yeyote.

Mwaka 1989 EPO iliyotengenezwa na binadamu iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Ilikuwa neema kubwa kwa wagonjwa hao. Lakini haukupita muda kabla ya wapanda baiskeli na wakimbiaji wa masafa marefu kuigundua faida yake, na hatari yake pia: damu iliyojaa chembe kupita kiasi huwa nzito, nayo yaweza kuganda ndani ya mishipa. Dawa ilipigwa marufuku katika michezo mwaka 1990. Kipimo cha kuitambua hakikutumika katika Olimpiki mpaka Sydney, mwaka 2000. Kwa miaka kumi, basi, sheria ilikuwapo bila macho.

Sababu ya kuchelewa ni ngumu kidogo, nayo ndiyo kiini cha mashaka yaliyopo hadi leo. Kutafuta dawa ngeni katika mkojo, kama vile steroidi ya kiwandani, ni sawa na kumtafuta mgeni kijijini: akionekana tu, amejulikana. EPO si mgeni, maana imo ndani ya kila mtu. Ile ya kiwandani hutengenezwa na chembe hai zilizotokana na mnyama mdogo aitwaye hamsta, ambazo zimepandikizwa jeni ya binadamu. Uti wa protini hiyo ni ule ule wa binadamu, lakini minyororo ya sukari iliyoning’inia juu yake hutofautiana kidogo. Kwa hiyo zikiwekwa katika utando wa jeli na kupitishiwa umeme, EPO ya mwili na ile ya kiwanda hazisafiri sawasawa. Mtaalamu hupata picha yenye mistari, akaitazama mistari hiyo imesimama wapi. Matokeo, kwa hiyo, hayaji kama namba isomwayo kwenye mizani. Ni picha, na picha husomwa na jicho la mtu aliyefundishwa.

Aghalabu jicho hilo husoma vizuri. Lakini kisa cha Peter Bol ni onyo. Mwanariadha huyo wa mita 800, mzaliwa wa Sudan na raia wa Australia, alikuwa wa nne katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mwezi Januari 2023 ilitangazwa kwamba sampuli yake ya kwanza ilikuwa na EPO ya kiwandani. Kwa kawaida mkojo wa mwanariadha hugawanywa katika chupa mbili, A na B. Ya pili hubaki imefungwa kwa lakiri hadi itakapohitajika. Mwezi Februari chupa B ilifunguliwa, na matokeo yake hayakuafiki yale ya chupa A. Wataalamu waliotafutwa na upande wa mwanariadha walisema kwamba hata picha ya kwanza haikuonyesha dawa. Mwezi Agosti uchunguzi ulifungwa bila kosa lolote. Katika majuma yale kabla ya chupa B kufunguliwa, jina la Bol lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia.

Katika hali hiyo hesabu ya darasani yaweza kusaidia, na mwalimu aweza kuifanya ubaoni. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba wanariadha 1,000 wamepimwa, na 10 kati yao wanatumia EPO. Kwa kuwa dawa hutoweka upesi katika mkojo, hali chembe nyekundu ilizozaa huishi siku 120 hivi, kipimo kinawanasa nusu tu ya wakosaji, yaani 5. Na ichukuliwe pia kwamba kipimo hukosea mara moja tu kwa kila watu 500 wasio na hatia. Katika watu 990 wasafi, wawili hivi wataonekana wakosaji. Watuhumiwa wote ni 7. Wawili kati yao hawakufanya lolote, na wakosaji 5 wengine wako nje wakishangiliwa. Mwanafunzi na abadilishe namba hizo apendavyo, aone jibu linavyokwenda. Atagundua kwamba kadiri wakosaji wanavyokuwa wachache, ndivyo sehemu ya wasio na hatia miongoni mwa watuhumiwa inavyokua, ingawa kipimo ni kile kile.

Chupa B hupunguza kosa, lakini haiondoi kila kosa. Ikiwa kosa limetokana na uzembe wa maabara, kupima tena kutalifichua. Ikiwa limetokana na maumbile ya mwanariadha mwenyewe, kupima tena kwa njia ile ile kutalirudia tu. Hili si jambo la kubuni: miongoni mwa watu wa Asia ya Mashariki limegunduliwa badiliko dogo la jeni ya EPO ambalo huifanya EPO ya mwili ifanane na ya kiwandani katika jeli. Sasa maabara zinatakiwa kulichunguza badiliko hilo kabla ya kutoa neno.

Hata hivyo, wako wanaosikia habari kama hizi na kukata shauri kwamba vipimo vyote ni hila za wivu. Hao nao wamepotoka. Lance Armstrong wa Marekani alijitetea miaka mingi kwa hoja moja: amepimwa mara nyingi mno bila kukutwa na hatia. Alishinda mbio za baiskeli za Ufaransa mara saba, kuanzia 1999 hadi 2005. Mwaka 2012 alinyang’anywa ushindi wote huo, baada ya watu 26, wakiwamo waendesha baiskeli 15, kutoa ushahidi wao. Na mwezi Januari 2013 akakiri. Mkojo ulinyamaza, wakasema binadamu. Kipimo kisichoonyesha kitu kimesema jambo moja tu, kwamba saa ile, katika chupa ile, hakikuonekana kitu.

Katika kesi ya Kiprop yalikuwamo mambo yasiyopendeza. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilikubali kwamba alipewa taarifa mapema kuhusu ujio wa wapimaji, jambo lililo kinyume cha kanuni. Naye alidai kwamba waliombwa fedha akawatumia. Watu wengi walisema: basi kesi imekufa. Lakini kosa la afisa halina budi kupimwa kwa athari yake. Taarifa ya mapema humsaidia mkosaji kujificha. Haitii EPO katika mkojo wa mtu asiyeitumia. Jambo ambalo lingeiua kesi ni ushahidi kwamba chupa ilifunguliwa au kubadilishwa, na ushahidi huo haukupatikana. Wala hilo halimsafishi afisa aliyevunja kanuni. Yeye naye alistahili kushitakiwa, kwani kila ahongwaye huwatia doa wapimaji wote.

Linabaki swali la jina litangazwe lini. Wako wasemao kila kitu kiwe siri mpaka hukumu itolewe. Waliojaribu siri walileta maafa: mwaka 2020 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani Lamine Diack wa Senegal, aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la riadha la dunia, kwa rushwa iliyohusu kuficha kesi za Warusi. Siri isiyo na kikomo ni soko. Lakini kutangaza jina kwa chupa A peke yake ni kumhukumu mtu kwa nusu ya ushahidi. Njia iliyo bora ni siri yenye tarehe: mwanariadha asimamishwe kimya kimya, chupa B ifunguliwe katika siku chache zilizowekwa na sheria, kisha matokeo yote mawili yatangazwe, yakubaliane yasikubaliane. Shirikisho likichelewa, kesi na itangazwe yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huo ni wa gharama. Ni kweli. Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya dawa hizi mwaka 2016, na maabara ya kuchunguza damu ya wanariadha ilifunguliwa Nairobi mwaka 2018. Kabla ya hapo damu ilisafirishwa mbali, hali sampuli hiyo huharibika upesi. Mkimbiaji asiyetumia dawa ndiye ahitajiye zaidi maabara nzuri iliyo karibu, maana hana kinga nyingine dhidi ya mnong’ono.

Kiprop bado anayo dhahabu ya Beijing, kwa kuwa sampuli iliyomtia hatiani ni ya mwaka 2017, si ya 2008. Sampuli za Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 zimewekwa katika ubaridi, nazo zaweza kufunguliwa wakati wowote hadi mwaka 2034.