Lisheni pikapu kwanza, kuivisha baadaye

Asubuhi pale mwalo wa Kibirizi utaziona zimejipanga, pikapu za kila umri. Moja inasubiri dagaa, nyingine imeshusha maharage kutoka Kasulu, nyingine imetoka Uvinza na chumvi. Kwa familia nyingi za hapa Kigoma na Ujiji, pikapu ndiyo shamba na ndiyo duka. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, hiyo hiyo ndiyo inayomfikisha Maweni.

Ndiyo maana fedha za pikapu ni mazungumzo ya baba na mama, si ya mwenye ufunguo peke yake. Ugomvi mara nyingi unaanza hivi: gari limeingia uani, na kabla mwezi haujaisha limefungwa ngao ya chuma mbele, rimu za kung'aa, spika kubwa na taa juu ya paa. Baada ya miezi mitatu breki zinalia, tairi zimebaki upara, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Baba anasema biashara mbaya. Mama anaziangalia rimu, ananyamaza.

Neno langu wiki hii ni moja. Pikapu ni mdomo mmoja zaidi nyumbani. Ilisheni kwanza, kuivisha baadaye.

Tena mdomo huu unakula hata siku usiyofanya kazi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika na mizigo hupungua. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Lakini rejesho la mkopo halikufungwa. Anayetegemea dagaa peke yao anahitaji akiba ya kuvuka miezi kama hiyo, na rimu uliyokwisha kuifunga, ukiiuza kwa shida, haikurudishii bei uliyonunulia.

Fanyeni hesabu hivi. Tuseme safari moja imebakiza shilingi 150,000 baada ya mafuta na posho ya dereva na makuli. Msiseme "tumepata 150,000". Toeni kwanza 40,000 za gari, ziwekwe mahali pake, kwenye simu au benki, zisiguswe kwa mboga wala kwa mchango wa harusi. Nyumbani zinaingia 110,000. Baada ya safari 10, gari lina 400,000 zake, na siku ya kubadilisha oili hakuna anayekopa kwa jirani.

Fedha hizo zinakula nini? Oili na filta yake: kwa gari la mizigo kwenye vumbi letu, kilomita 5,000 ni kipimo kizuri. Filta ya hewa, kwa sababu barabara za vijijini zinaijaza vumbi jekundu upesi, na injini isiyopumua inakunywa mafuta zaidi. Filta ya dizeli, maana maji yakiingia kwenye dizeli yanaua pampu na nozeli, na hapo bei haina mzaha. Girisi kwenye shafti, pedi za breki, na upepo wa tairi kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Kwa wenye Hilux zile za Vigo za dizeli, kuna jambo la kuulizwa kabla ya yote: mkanda wa taiming ulibadilishwa lini? Injini zake nyingi hutumia mkanda, tofauti na Revo za dizeli zenye cheni, na ukikatika njiani unaweza kuharibu injini nzima. Kama gari mmelinunua mkononi na muuzaji hana jibu la uhakika, badilisheni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Halafu kuna kutu. Maji ya samaki na chumvi ya Uvinza vinakula bati na chasisi polepole, tena kwa chini usikokuona. Kila baada ya mzigo wa namna hiyo, bodi ioshwe kwa maji mengi, ndani na chini, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Kazi hii haihitaji fundi. Inahitaji ndoo, brashi na mtu wa kuisimamia.

Sasa tuje kwenye mapambo. Sisemi gari lisivishwe. Nasema kila kinachofungwa kiulizwe: kitaleta nini nyumbani? Turubai zuri na kamba imara vinaokoa mzigo wa mahindi siku ya mvua. Plastiki ya kulaza ndani ya bodi inazuia mikwaruzo na kutu. Raba za kuzuia tope, tairi ya akiba, jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto haviringishi barazani, lakini siku ya shida porini ndivyo vinavyokurudisha nyumbani.

Kanopi, karia na ngao ya chuma ni habari nyingine. Kwa pamoja vinaweza kufika kilo 100 na zaidi. Pikapu nyingi za saizi hii hubeba takriban tani 1, watu waliomo ndani wakihesabiwa. Kwa hiyo umeondoa magunia 2 ya kilo 50 katika kila safari, kwa maisha yote ya gari. Kama kanopi inalinda bidhaa zako, sawa. Kama ni ya kupendeza tu, unailipia kila siku.

Kuna wanaoongeza vyuma vya springi nyuma ili wabebe zaidi. Springi zitasimama, lakini breki, ekseli na chasisi ni zile zile za kiwandani. Gari halitainama, ila kwenye mteremko halitasimama pia. Taa za ziada zinazowapiga wenzako machoni nazo ziacheni. Na vimulimuli na ving'ora havina ruhusa kwenye gari la mtu binafsi.

Halafu kuna ndugu. Pikapu ikifika nyumbani, inakuwa ya ukoo. Msiba Ujiji, harusi Manyovu, mjomba anahama nyumba. Msaidieni, ndiyo ubinadamu, lakini kubalianeni mapema: anayeazima anaweka mafuta, dereva ni yule yule, na watu hawapakiwi juu ya mizigo. Na bima iandikwe kwa kazi halisi ya gari. Kama linabeba mizigo ya kukodi, wakala aambiwe hivyo, kwa sababu siku ya ajali karatasi itasomwa neno kwa neno. Bima ndogo, kumbukeni, inamlipa uliyemgonga. Gari lako hailigusi.

Mwisho, kadi ya gari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Mama aliyeuza vitenge vyake kuongezea fedha za kununua gari, na baba aliyeuza shamba, wote wana sababu ya kulizungumza hili wakiwa wanapendana, si wakiwa mahakamani.

Jumapili hii, nunueni daftari la shilingi chache. Upande mmoja andikeni kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, na juu kabisa kilomita za siku ya oili. Lisomwe na wote wawili kila wiki. Rimu zikija baadaye, zitoke kwenye daftari hilo, na mama awe amechagua rangi.